Daftari la Sindano Zilizokatika

Akinyi, na nyinyi wenzake mliobaki kule juu ya duka, mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa. Huu mwezi wa tatu tangu niache, na mikono yangu haijazoea kukaa bure, basi naandika. Mishahara na vyeo sivigusi. Vyeo sikupata vya kutaja, na mshahara nilishautumia. Nadhani mlitarajia habari za mishono. Zimo kidogo. Lakini nikikaa nikaifikiria miaka yangu ya cherehani, kitu kinachonijia kwanza ni woga. Woga ulinifaa miaka mingi. Halafu nikaanza kuogopa kitu kisichostahili kuogopwa, na nusura mtoto mchanga alipe yeye.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, katika karakana ndogo ya sare za shule hapa Maskati. Kushona nilikuwa najua, au nilidhani najua. Mama alikuwa akishona kofia kwa mkono tangu tuko Unguja, tundu moja baada ya jingine, na mimi nilijifunza pembeni yake, kisha nikajifunza cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Ya karakana ilikuwa ya umeme. Siku ya kwanza niligusa pedali kwa ncha ya kidole cha mguu, na kitambaa kikanitoka mikononi kikaenda zake. Sindano ilipita upana wa ukucha mmoja tu kutoka kidole changu cha shahada. Nilizima mashine nikakaa nimeshika mkono kifuani, na wanawake wenzangu watano wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa mtandio.

Hakucheka Masta Bashiri. Huyu ndiye aliyekuwa fundi mkuu, mtu wa Kerala, mwembamba, futi ya kupimia shingoni asubuhi mpaka jioni. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni, na Kiswahili alichojifunza kwetu hakikufika maneno kumi. Alikuja akasimama nyuma yangu, akanishika bega, akasema kwa Kiarabu kwamba anayeogopa mashine atabaki na vidole, na wale wanaocheka atakuja kuwahesabia vyao baadaye. Yeye mwenyewe kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa hakina ukucha. Hatukumuuliza.

Kwa Masta sheria ilikuwa moja kubwa. Sindano ikikatika, kila mtu anaacha kazi. Vipande vinatafutwa, vinaunganishwa juu ya meza mpaka sindano iwe nzima kama ilivyotoka kiwandani, halafu vinabandikwa kwa utepe ndani ya daftari, jina la aliyeikata pembeni. Hapo ndipo unapewa sindano mpya. Ukimpelekea vipande viwili atakuangalia usoni na kutumia neno lake la Kiswahili alilolipenda kuliko yote.

"Vyote?"

Kama si vyote, unarudi sakafuni kwa magoti. Alikuwa na sumaku aliyoitoa ndani ya spika mbovu ya redio, duara kama kitumbua, akaifunga kitambaa cha kaki. Tuliipitisha chini ya meza, kwenye nguo, kwenye viatu vyetu. Kipande kikinasa unasikia "tik" ndogo sana, na karakana nzima inashusha pumzi.

Mwaka wangu wa pili nilikata sindano nikishona suruali za watoto wa chekechea. Ncha haikuonekana. Nilitaka kusema nimeipata. Nilikuwa na ncha ya sindano ya zamani mfukoni, wengi tuliweka hivyo kwa siku za haraka. Masta aliniangalia tu, na mimi nikaogopa, nikasema ukweli. Suruali arubaini zilikuwa zimeshapangwa kwenye boksi. Akazimwaga. Tulizifumua moja moja kuanzia asubuhi mpaka baada ya Alasiri, mwenye karakana anapiga simu anafoka, Masta anaweka simu chini anaendelea kufumua. Ncha ilikuwa ndani ya mfuko wa suruali ya thelathini na kitu, imesimama wima, inangoja mkono wa mtoto wa miaka minne. Masta aliniwekea ile ncha kiganjani. Mpaka leo nikikumbuka ule mfuko, nywele za mikono hunisimama.

Nguo za tayari zilipojaa madukani, karakana ikafungwa. Masta akarudi kwao, na siku ya kuondoka akanipa daftari na sumaku. Mimi nikaingia duka la Bi Zuwena hapa mtaani Al Khuwair, kupunguza mabaibui na kupandisha pindo. Miaka ikaenda. Kushona kukaonekana kazi ya waliokosa kazi nyingine. Cherehani zilizokuwa fahari ya nyumba zikawekwa ukumbini na chombo cha maua juu yake. Bi Zuwena alikuwa akisema duka litatushinda, na mimi nilikuwa nikiitikia, nikiogopa kimyakimya nitakwenda wapi na umri huu.

Halafu, bila mtu kuwaita, wakaanza kuja. Kwanza msichana mmoja wa chuo, anataka kushona mfuko alioona kwenye simu. Kisha mhasibu. Kisha daktari wa meno anayekaa Qurum, ana gari linalong'aa na hajui kutunga uzi. Wanasema kushona kunawatuliza kichwa. Mimi, ambaye kushona kulinitia hofu maisha yangu yote, nilishangaa sana kusikia hivyo. Watu wenye uwezo wa kununua mto walikuwa wakishona mto, na mto wenyewe umepinda, na wanaupiga picha. Bi Zuwena akasafisha chumba cha juu, akaweka cherehani nane, nikaitwa Mwalimu. Ijumaa waliingia dada wa Kitanzania wanaofanya kazi majumbani, na hao, siwafichi, ndio walioshika haraka kuliko wote. Jumamosi waliingia wa maofisini. Ndipo Bi Zuwena alipokuajiri wewe, Akinyi, umetoka Kisumu na mkasi wako mwenyewe kwenye begi. Nikajua huyu fundi.

Sheria ya Masta nikaipandisha nayo juu. Wanafunzi walilipenda daftari kama kitu cha makumbusho. Wakalipiga picha, wakaliweka kwenye simu zao. Nikawafundisha pia kwamba pini huchomolewa kabla chuma cha kukandamiza hakijaifikia, kwa sababu sindano ikigonga pini vinaweza kukatika vyote viwili. Waliitikia. Halafu wakarudi nyumbani wakaona video ya mwanamke anayeshona juu ya pini huku anatabasamu.

Sasa nifike kwenye lile nisilotaka kulifikia.

Macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwanzoni nililaumu taa, nikamfanya Bi Zuwena abadilishe taa mara mbili. Nikalaumu uzi mweusi. Nikanunua miwani, kisha nyingine. Jicho la kulia likawa linaona kila kitu kama nyuma ya pazia la bafuni. Nilijua. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, nilijua ugonjwa huo unavyoanza. Lakini niliogopa kisu cha daktari, na zaidi ya kisu niliogopa Bi Zuwena kujua, kwa kuwa fundi asiyeona anakwenda wapi? Basi nikaficha. Ujanja nilikuwa nao wa kutosha. Kutunga sindano nilimpa mwanafunzi, nikisema ajizoeze. Mshono nikaukagua kwa kidole. Wakanisifu kuwa mwalimu mvumilivu, anayemwachia mtu afanye mwenyewe. Miaka miwili nilikula sifa hizo, na kila Jumamosi nikipanda ngazi moyo unanidunda kama wa mwizi.

Thuraya alikuwa mwanafunzi wangu wa Jumamosi. Anafanya kazi wizarani, si mbali na duka, na familia yao ni ya Unguja kama yetu. Baba yake, Mzee Said, alipofariki nilikwenda kwao Mawaleh kwenye hitima. Baada ya miezi michache dada yake, Jokha, akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Said kwa babu yake. Thuraya akaja na mkoba wa kanzu za marehemu, nyeupe na za rangi ya kahawa ya maziwa. Alitaka kuzikata vipande amshonee mtoto blanketi la viraka, limfike siku ya arubaini yake. Alikata kanzu ya kwanza huku analia. Hata mimi nililia, nikisingizia vumbi la chaki.

Jumamosi ya mwisho kabla ya arubaini alikuwa anazungusha pindo. Ilibaki kona moja. Magharibi ilikuwa inakaribia, wengine wanakusanya vitu vyao, yeye ana haraka, na aliacha pini zote mahali pake kama yule wa kwenye video. Nikasikia "tak!" Naijua sauti hiyo hata nikiwa nimelala.

"Simameni!" nilisema. "Mtu asitembee."

"Astaghfirullah, Bi Shamsa, nisamehe," Thuraya alisema. "Nilidhani itapita tu."

Kipande cha juu kilikuwa bado kimeshikwa na mashine. Nikainama juu ya meza, uso karibu kugusa chuma, nikapapasa kwa kiganja. Kidole kikagusa kitu kidogo, chembamba, chenye ncha. Nikakiinua mbele ya taa. Niliona kijistari kinachong'aa ndani ya ukungu wangu, basi. Wewe, Akinyi, ulikuwa chini dukani unafunga hesabu na Bi Zuwena. Ningeweza kukuita. Jina lako lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini ningesema nini? Njoo uniangalizie?

"Nimekipata," nilisema.

"Alhamdulillahi," akasema Thuraya. "Maana kesho ndo arubaini, na nyumba nzima inalisubiri hili."

Nikabandika vipande viwili kwenye daftari, nikaandika jina lake. Sumaku haikutoka mtotoni mwa meza. Akamaliza kona, akalikunja blanketi, akanibusu kichwani, akaondoka nalo.

Jumanne asubuhi, Akinyi, ulikuwa unatafuta ukurasa mtupu wa daftari, sindano ya mashine ya nne ilikuwa imekatika. Nilikuwa napiga pasi. Nilisikia kurasa zinafunguliwa.

"Mama," uliniita. "Hebu kuja uone hapa."

"Kuna nini?"

"Hii ya Thuraya. Hii si sindano. Hii ni pini."

"Pini vipi? Niliishika mwenyewe."

"Sasa shimo iko wapi, Mama?"

Nyinyi mnaojifunza sasa mnajua, lakini niliandike. Sindano ya cherehani tundu lake liko chini, karibu na ncha. Ikikatika juu ya tundu, kipande cha ncha lazima kiwe nalo. Ulikishika kioo cha kukuzia juu ya ukurasa na ukanisogezea, na hata kwa jicho langu lile niliona. Kile kipande kilikuwa laini kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pini ilikuwa imekatika, nikaibandika, na ncha ya sindano ilikuwa imekwenda Mawaleh kwa mtoto wa siku arubaini.

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Nilimpigia Thuraya mara sita; hapokei, yuko kikaoni. Namba ya Jokha sikuwa nayo. Nikaitoa sumaku ya Masta mtotoni mwa meza, nikaiweka kwenye mkoba, tukashuka ngazi. Bi Zuwena akatuuliza tunakwenda wapi na pasi ina moto, ukamjibu wewe, mimi nishafika barabarani.

Tukapanda teksi. Barabara kuu ilikuwa imejaa, magari yanatambaa, dereva anaongea habari za mpira. Nilikuwa nahesabu. Jumamosi usiku, Jumapili, Jumatatu, leo. Siku tatu mtoto analala juu yake, anageuzwa, ananyonyeshwa amefunikwa nalo. Ncha ile ni nyembamba kama ndevu ya paka. Ikiingia kwenye nyama laini ya mtoto haitoki yenyewe, inatembea. Masta alikuwa ametueleza habari hizo na mimi nilikuwa nazisimulia kwa wanafunzi, kwa kujivuna kidogo. Niliomba dua zote ninazozijua, na nilipozimaliza nikaanza tena.

Jokha alifungua mlango mwenyewe, mtoto begani, uso umechoka.

"Bi Shamsa! Karibuni, karibuni. Nisameheni nlivyo, huyu hajanipa usingizi. Tangu juzi analia tu, ukimbeba ndo anazidi."

"Blanketi liko wapi, mwanangu?"

"Lipo kitandani mwake. Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikulizungusha, nilisema sindano ilikatika, kipande hakikupatikana, huenda kimo ndani. Akafunga macho mara moja, akayafungua. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Tulilitandaza blanketi sakafuni, mbele ya picha ya Mzee Said. Nikapiga magoti nikapitisha sumaku kiraka kwa kiraka, polepole, kama Masta alivyotufundisha, sikio karibu. Kanzu nyeupe, kanzu ya kahawa, nyeupe. Mtoto analia juu yetu. Nikazunguka pindo lote. Kona ya mwisho nikaipita mara tatu. Kimya. Nikaligeuza nikaanza upande wa pili. Kimya.

"Hamna," alisema Jokha, na sauti yake ikapanda kwa furaha. "Hamna kitu, alhamdulillahi!"

Mimi na wewe tuliangaliana. Nilijua na wewe umejua. Kama haimo kwenye blanketi, na Jumamosi ilikuwemo, basi imeshatoka, na aliyekuwa juu ya blanketi ni mmoja tu.

"Mlaze hapa," nilimwambia Jokha.

"Nimlaze nini?"

"Mlaze, mwanangu. Tafadhali."

Akamlaza. Niliileta sumaku juu ya mtoto, na wewe ukaushika mkono wangu kwa chini. Tukapita kifuani. Tukapita tumboni. Mguu wa kulia, wa kushoto. Sijawahi kuogopa hivyo katika maisha yangu, hata nilipomzika mume wangu. Tulipofika kwenye mkono wa fulana, upande wa kushoto, karibu na kwapa, ikalia.

Tik.

Jokha ndiye aliyepiga kelele. Wewe ulichukua mkasi ukakata fulana kuanzia shingoni, ukaifungua bila kuivuta. Ncha ilikuwa imenasa ndani ya mshono wa kwapa, imetokeza kidogo upande wa ngozi, na kwenye ngozi kulikuwa na mikwaruzo miwili myekundu na kidoa kimoja cha damu iliyokauka. Kila alipobebwa, ilimchoma. Uliiweka kiganjani mwangu. Niliipapasa nikalihisi tundu. Nilikuwa nimebeba daftari; nikaiunganisha na kipande cha juu, mbele ya Jokha, mpaka sindano ikawa nzima.

"Vyote," nilisema, nikalia kama mtoto mwenyewe.

Jokha alikuwa amemkumbatia mwanawe uchi, anamtikisa. Akanigeukia.

"Bi Shamsa, wewe si ndo ulompa Thuraya ruhusa aondoke nalo? Hukuiona kuwa si yenyewe? Ulikuwa huoni?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia miaka miwili. Nilikuwa na majibu tele, taa, haraka, adhana.

"Sioni," nilisema. "Nna miaka miwili sioni. Nliogopa kusema."

Alikwenda kumvisha mtoto wampeleke kwa daktari. Daktari alimpima mwili mzima akasema ni mikwaruzo tu, na mtoto akalala kama anayelipa usingizi wa siku tatu, kama alivyosimulia Thuraya baadaye. Siku hiyohiyo nilimwambia Bi Zuwena yote. Akaniuliza kwa nini sikumwambia, wakati shangazi yake alifanyiwa upasuaji macho yote mawili na sasa anamshinda yeye kuona. Miaka miwili ya hofu, na hilo ndilo lilikuwa jibu. Jicho langu la kulia limeshafanyiwa. La kushoto linangoja zamu, na bado naliogopa.

Nilibaki wiki tatu kukukabidhi darasa. Katika daftari utakuta ukurasa wenye sindano nzima na kipande cha pini. Usiung'oe. Waonyeshe wanaojifunza, na jina la aliyekosea lililoandikwa pale sasa ni langu.

Jumamosi yangu ya mwisho Thuraya alirudi. Alikuwa amefumua ile kona ya pindo na anataka kuishona upya. Alikuja mpaka kwenye kiti changu, akanisalimia, akanibusu kichwani kama siku zote, akaniuliza hali. Halafu akapita, akakupa blanketi wewe uliangalie.

Hilo nililiona bila miwani.